Sauti Ambayo Bi Sauda Hakuisikia

Tiiiiiii.

Nyembamba kama uzi wa kushonea, kavu, haina pumzi. Mbu akilia hufika mahali akatua, ukapata nafasi ya kumpiga kofi. Hii haikutua. Ilianza Bi Sauda alipobonyeza kitufe cha kuwasha, ikaendelea mpaka tunafunga mlango. Mpaka leo, nikikaa mahali palipotulia sana, huwa naisikia juu kidogo ya sikio la kushoto, upande ilipokuwa ikikaa ile kompyuta mpya.

Tatu na Mwanaidi, wadogo zangu, ninyi mnaokalia sasa viti vyetu pale steshenari ya Kibiti, mwenye duka mwenyewe, Bi Sauda, ndiye aliyeniomba niwaandikie. "Andika wewe," aliniambia. "Mimi nikiandika itatoka barua ya ofisini, yenye Yah na kumbukumbu namba." Basi nimekubali. Nimefanya kazi ile miaka tisa. Nina umri wa miaka thelathini na moja, na siku nilipoaga, wauza korosho wa stendi walisimama wakaniamkia, "Mstaafu, shikamoo!" Nikaitikia marahaba, tena kwa sauti ya kibibi. Sasa nipo Mloka, nimemfuata mume, nalima ufuta, na kelele ninazotegea sikio ni za tembo wakivunja mahindi ya jirani. Ile ndoto yangu ya kusoma taarifa ya habari redioni ninayo bado. Kila asubuhi nawasomea kuku. Wanatulia kuliko wateja wetu.

Niliingia pale sijui hata kuweka karatasi kwenye printa. Kidato cha nne nilimaliza, matokeo tusiyaongelee. Bi Sauda alikuwa amestaafu kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja ya serikali, kustaafu kweli, si huku kwangu kwa kupewa cheo na wauza korosho. Alikuwa amezoea mashine zile za chuma, zenye kengele mwisho wa mstari, kwa hiyo kibodi ya kompyuta aliitwanga kama anatwanga mpunga. Ukipita barabarani ulijua kama yupo. Herufi A ilikufa kwenye kibodi tatu mfululizo, akasema kibodi za siku hizi hazina afya.

Wiki yangu ya kwanza nilichapa kadi za harusi ya watu wa Bungu. Tarehe sahihi, mahali sahihi, maua pembeni mazuri, ila bibi harusi nikamwozesha kwa baba mkwe. Kadi sitini. Bi Sauda akachukua moja, akaisoma, akavua miwani. Nikajua safari yangu ya kurudi kulima imewadia.

"Riziki," akasema, "hebu nisomee. Kwa sauti."

Nikaanza kusoma kama mtangazaji, kidevu juu. Nilipofika kwenye jina la bwana harusi nikanyamaza.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Macho yana haraka, mwanangu. Ukiyaachia kazi peke yao yatakuozesha na wewe."

Hakunifukuza. Tukazichapa upya zote, yeye anakata kwa mkasi, mimi napanga. Tangu siku hiyo hatukutoa karatasi pale kabla ya kuisoma kwa sauti, iwe barua ya kijiji au tangazo la mbuzi aliyepotea. Wateja huwa wanacheka. Waacheni wacheke, ninyi someni.

Sasa niwaambie habari ya ile kompyuta.

Zote tulizokuwa nazo kabla yake zilikuwa mitumba, zimekuja na mikwaruzo ya watu tusiowajua. Hii, ya kukunja aina ya laptopu, ilitoka dukani Dar es Salaam ikiwa ndani ya boksi, na ile nailoni yake kwenye kioo. Bi Sauda alikataa katakata kuibandua hiyo nailoni. Akaifumia kitambaa cheupe cha chini na kingine cha juu chenye ua la njano, kama tunavyovalisha redio za sebuleni. Ikakaa mezani kama bibi harusi. Na ikaanza kulia.

"Bi Sauda, inalia."

"Nani analia?"

"Kompyuta."

Akainamisha kichwa juu yake muda mrefu. Akaniangalia. "Mwanangu, leo umekunywa chai?"

Siku ya pili nikamwambia tena. Siku ya tatu akaleta chetezo, akafukiza ubani chumba kizima. Sauti haikutoka. Tulitoka sisi, tunakohoa, na mteja mmoja akaondoka na fomu yake nusu. Ikafika mahali nikaona ananitazama kwa kunihurumia, kama mtu anayetazama mgonjwa. Nami nilianza kujishuku. Usiku nalala salama, nikifika kazini, tiiiiii. Nikasema labda kweli nimevamiwa na pepo.

Walioniokoa ni wasichana watatu wa sekondari waliokuja kupiga picha za pasipoti. Hawajakaa hata kwenye kigoda, mmoja akaziba masikio. "Dada, humu ndani kuna nini kinalia hivi?" Wenzake wakaitikia, eti kama filimbi, hapana, kama mbu wa chuma. Nilitaka kuwakumbatia. Nikageuka kumtazama Bi Sauda ili aone nilivyoshinda.

Alikuwa amekaa. Anaitazama kompyuta, halafu anawatazama wale watoto, halafu mimi.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema taratibu.

Ushindi wote ukaniishia. Kama ningeweza kuyarudisha kooni maneno yangu yote kuhusu mlio ule, ningefanya. Yeye ndiye aliyejua printa inaumwa kabla haijakwama, kwa kusikiliza tu roli inavyokwaruza. Lakini masikio yakizeeka, sauti nyembamba ndizo zinazoyaaga kwanza. Haya nimeyajua baadaye. Siku ile niliona tu mtu mzima akigundua kuna mlango umefungwa nyuma yake bila yeye kusikia.

Halafu akacheka. "Basi Mwenyezi Mungu amenipunguzia makelele. Wewe endelea kuteseka."

Nami nikaenda kutafuta dawa, na hapa jifunzeni kwa ujinga wangu. Sisi watu wa Rufiji mchele ni chakula, ni zawadi, na ni hospitali ya simu. Mmeona wenyewe watu wa Mbwera wanavyokuja na simu zilizotumbukia majini, tunazifukia kwenye mchele siku mbili, zinaamka. Nikajiambia kama mchele unavuta maji, utashindwaje kuvuta mlio? Nikaifukia kompyuta mpya ya Bi Sauda ndani ya debe la mchele uliokobolewa juzi, wenye chenga na pumba zake, tangu adhuhuri mpaka alasiri.

Nilipoitoa ilikuwa na sauti mbili. Ile ya zamani, na feni inayosaga chenga.

Tukampigia simu fundi wa lile duka tulilonunua.

"Dada, mliiweka wapi?"

"Kwenye mchele."

Akauliza, "Mbichi, au umeiva?"

Alicheka mpaka akampa mwenzake simu. Lakini alikuwa mtu mwema. Kompyuta ikaenda kwa basi, ikarudi feni yake imesafishwa, na akatueleza vizuri ule mlio. Ndani kuna waya mwembamba ulioviringwa mara nyingi, kama uzi kwenye kibiringo. Umeme ukipita unautetemesha, na mtetemo huo ndio sauti. Nyingine zinatetemeka kimya, nyingine zinapiga kelele. Haiungui, hailipuki, haifi upesi. "Mzoee tu," akasema. Akatuomba pia tuvue kile kitambaa cha chini, maana kinaziba matundu ya hewa. Bi Sauda alikivua kwa shingo upande. Cha juu alikiacha.

Tukaizoea. Mimi niliweka pamba sikio la kushoto, kazi zikaenda.

Halafu akaja Bi Mwajabu.

Alikuwa mama wa makamo ya Bi Sauda, anatoka Mbwera. Walikuwa wametoka kwao na boti alfajiri, yeye na mwanawe Selemani, ambaye ndiye mwendesha boti. Shingoni amejifunga mtandio, na chini ya mtandio kulikuwa na uvimbe wa kadiri ya yai la bata. Sauti yake ilitoka chini chini, kama mtu anayeongea msikitini.

Kwao wana desturi. Mtoto akitimiza siku arobaini, siku ya kutolewa nje, bibi yake humsemea sikioni majina ya wazee wake mmoja mmoja, na wasia mfupi. Bi Mwajabu alikuwa ameshawasemea wajukuu kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa bado tumboni mwa Mwanahawa, binti yake wa mwisho. Na kesho yake yeye alitakiwa hospitalini Dar kupasuliwa ule uvimbe.

"Daktari amesema uhai, inshallah," alitueleza. "Sauti hakuniahidi. Mishipa yake iko jirani. Nikirudi bubu, huyu wangu atasemewa na nani?"

"Mama, mimi si nipo?" Selemani akasema.

"Wewe jina la babu yako mzaa baba unalikosea."

"Mara moja tu!"

"Mbele ya watu, kwenye hitima yake."

Alitaka tumrekodi sauti. Gari lao la Dar lilikuwa la saa sita, na saa nne ilishapita.

Tulijaribu kwa simu kwanza. Simu ilinasa honi za stendi, bodaboda na muuza maji. Bi Mwajabu akasikika kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Basi tukatumia ile maiki yetu ya matangazo ya mnada, inayonasa kilicho karibu na mdomo tu, tukaichomeka kwenye kompyuta. Akasema maneno yake yote bila kukosea. Tukamsikilizisha kwa spika.

"Safi kabisa," akasema Bi Sauda.

Bi Mwajabu alishika kifua. "Ndiyo mimi. Ndiyo mimi huyo."

"Freshi," akasema Selemani, naye miaka ishirini amekaa jirani na injini ya boti. "Dada, weka kwenye flashi twende zetu."

Mimi nilikuwa nimevaa hedifoni. Chini ya kila jina, tangu la kwanza hadi la mwisho, tiiiiiii. Maiki ilikuwa imeumeza ule mlio na kuupandisha. Na mle chumbani niliyeusikia ni mimi peke yangu.

Wadogo zangu, ningeweza kunyamaza. Watu watatu wameridhika, muda unakwenda, na mama mgonjwa amekaa kwenye kigoda. Lakini nilimfikiria atakayesikiliza. Ana siku arobaini duniani. Masikio mapya kuliko yetu sote. Majina ya wazee wake yatamfikia yamefungwa pamoja na mbu wa chuma, na hataweza kumwambia mtu.

"Haijatoka vizuri," nikasema.

Selemani akanigeukia. "Mbona sisi tumesikia vizuri?"

"Haikurekodiwa kwa ajili yenu."

"Dada, gari halimsubiri mtu. Unataka mama akose hospitali kwa sababu ya mlio unaousikia peke yako?"

Nilimtazama Bi Sauda, ambaye kwa masikio yake mwenyewe alikuwa na kila sababu ya kukubaliana na Selemani. Akasimama. Akajifunga kanga kiunoni, fundo la kazi.

"Selemani, mwanangu, kashike viti viwili kwenye gari, ukae juu ya kimoja na mzigo uwe juu ya kingine. Riziki hajawahi kunidanganya."

Selemani akaenda, anaguna. Bi Sauda akanifundisha somo ambalo ndilo hasa nililotaka kuwaandikia.

Alisema alipokuwa msichana, mpunga ukianza kukomaa, familia yao ilihamia bondeni kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Ulikaa juu ya dungu, kile kibanda cha juu ya miti, na kutoka hapo kamba zilikwenda pembe zote za shamba, kila moja imefungwa makopo. Kopo moja likiharibika, ndege wanajua, wanatua upande huo. "Ukivuta kamba zote kwa pamoja unapata kelele tu, hujui kopo gani limekufa. Vuta moja. Sikiliza. Iache. Vuta nyingine. Sasa wewe ndiye sikio, mimi ndiye mkono. Mlio ukiwa juu, inua mkono juu. Ukishuka, ushushe."

Nikakaa na hedifoni, mkono wa kulia hewani kama mwanafunzi anayejua jibu. Yeye akapiga magoti sakafuni, kwenye nyaya.

Akachomoa chaja. Mkono wangu ukashuka mpaka begani. "Enhe!" akasema. Akazima intaneti, mkono haukusogea. Akaiwasha tena, maana ndivyo alivyofundishwa, usiache kamba usiyoijua imevutika nusu. Akapunguza mwanga wa kioo, mlio ukabadilika, ukawa mzito zaidi, nikauyumbisha mkono, naye akauliza, "Hiyo ni nini, wimbi?" Akaurudisha mwanga juu mpaka mwisho, mkono ukashuka kidogo. Akachukua waya mrefu, akaitenga maiki na kompyuta: kompyuta tukaipeleka stoo nyuma ya mlango, juu ya katoni za karatasi, waya ukapita chini, nami nikahamia huko na hedifoni, yeye akinichungulia mlangoni. Mkono ukafika kiunoni.

"Bado?"

"Bado, mama. Kidogo tu."

"Kidogo kwako, kwa mtoto je?"

Bi Mwajabu alikuwa anatutazama mmoja na mwingine, kama mtu aliyekuja kununua kalamu akakuta ngoma.

Kamba ya mwisho niliivuta mimi, kwa bahati. Nilikuwa natafuta faili la kurekodia, kidole kikafungua kimakosa video ya harusi ya mteja, nikaizima sauti, na wakati video inacheza mlio ukakatika. Nikaisimamisha, ukarudi. Nikaichezesha, ukakatika. Kumbe ile kompyuta ilikuwa inalia zaidi ikikaa bure! Ukiipa kazi inatulia.

"Kama wewe," akasema Bi Sauda.

Mkono wangu ukatua gotini.

Tukaiacha video icheze bila sauti, Bi Mwajabu akasema tena yote. Safari hii amechoka, na kwenye jina la nne sauti yake ilipasuka, tukasubiri, akaendelea. Majina sikuruhusiwa kuyaandika popote. Wasia aliruhusu. Alisema: "Wewe wa Mwanahawa, umekuja wa kumi na mbili na hukuchelewa. Maji ya kwetu yana chumvi, usiyanywe. Watu wa kwetu wana maneno, yanywe taratibu. Ukikosa njia, uliza. Hakuna aliyezaliwa anaijua mikondo yote." Nyuma yake hapakuwa na kitu. Kimya kitupu, safi kama sahani iliyooshwa.

Gari waliliwahi. Bi Mwajabu alipasuliwa, akapona, alhamdulillahi. Uvimbe uliondoka, na sauti ikaondoka nao karibu yote. Imebaki ya kunong'ona, kama majani makavu yakisuguana. Mtoto akazaliwa wa kike. Siku ya arobaini waliweka redio ndogo ya flashi karibu na sikio lake, bibi yake amemshika, na Selemani akanipigia simu kuniambia mtoto alifungua macho. Watoto wote hufungua macho, najua. Mimi nimelipokea hivyo hivyo. Selemani mwenyewe anasema siku hizi majina hayakosei, maana flashi ameisikiliza mara nyingi kuliko mtoto.

Ninachoshukuru zaidi ya vyote ni yale magoti ya Bi Sauda sakafuni. Hakuusikia ule mlio hata sekunde moja, tangu siku ya boksi mpaka leo. Aliufukuza kutoka kona hadi kona kwa kuutazama mkono wangu. Ninyi mtafanya kazi na mashine ambazo mimi siwezi hata kuzitaja, na siku moja atakuja mtu mbele yenu kusema kuna kitu, nanyi hamtakisikia. Mkumbuke kujifunga kanga.

Kuna jambo moja dogo la siku ile ambalo sikumwambia Bi Sauda.

Tulipomaliza kurekodi, yeye alimtoa Bi Mwajabu nje kumnywesha chai kabla ya safari. Nikabaki peke yangu kule stoo, juu ya katoni, kuiandaa flashi. Kazini kwetu rekodi hukatwa mwanzo na mwisho, ibaki maneno tu. Nikaisikiliza mpaka mwisho. Baada ya wasia kulikuwa na kimya kidogo, halafu kikohozi, halafu sauti ya Bi Mwajabu, imelegea, haimsemei mtu yeyote tena: "Basi? Imeisha? Nipe maji, mwanangu."

Niliweka alama ya kukatia kabla ya kikohozi, kama inavyotakiwa. Nikaitazama. Kisha nikaisogeza mbele, taratibu, ikapita kikohozi, ikapita maji, mpaka pale kikombe kilipogusa meza. Nikahifadhi.